Vijana Walioshindwa Mara 80



Huenda ukastaajabu kuona mwalimu wa chuo, mtu wa alifu na be, anakuandikia habari za mpira, tena mpira wa Wamarekani, na tena wa timu iliyokuwa ikishindwa tu. Usistaajabu. Habari za washindi umekwisha kuzisikia mpaka umezikinai. Ukipita barazani baada ya sala ya isha utawakuta watu wazima, wenye wajukuu, wanagombana kwa ajili ya timu za Uingereza ambazo hazijui kama wao wapo duniani. Mimi simlaumu mtu kwa kupenda mchezo. Lakini nimeona mazungumzo yale yana kasoro moja: aliyeshindwa hana wa kumsemea. Hutajwa kwa kuchekwa, kisha akasahauliwa. Basi leo nimependa tuzungumze habari ya walioshindwa, na sikuwachagua walioshindwa mara moja wala mara mbili.

Habari hizi nilizipata kwanza kwa mpwa wangu, aliyekuwa akisoma mjini Houston, katika jimbo la Texas, miaka ya 1990. Siku hizo mtu akiwa ng'ambo alikuwa akiandika barua, na katika barua yake moja akanieleza juu ya chuo kikuu cha jirani kiitwacho Prairie View, ambacho timu yake ilikuwa haijashinda tangu yeye hajafika Marekani. Nikamwuliza zaidi, akanijibu; na baadaye nikajisomea mwenyewe. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kisa hiki ni cha kusimuliwa majumbani mwetu.

Kwanza nikueleze chuo chenyewe. Prairie View kiko kiasi cha maili 45 kaskazini magharibi ya Houston. Kiliundwa kwa sheria mwaka 1876, miaka 11 tu tangu watumwa wa Texas kutangaziwa uhuru wao, kiwe mahali pa kusomea vijana weusi, kwani vyuo vya Wazungu vilikuwa haviwapokei. Na ardhi waliyopewa ilikuwa ya shamba la tajiri, shamba la Alta Vista, lililokuwa likilimwa na watumwa. Kilipofunguliwa mwaka 1878 kilianza na wanafunzi 8. Tafadhali usipite upesi hapo. Watu walilimishwa kwa nguvu katika ardhi ile, kisha baada ya miaka michache vijana wa jamaa zao wakakaa juu ya ardhi ile ile wakisoma hesabu. Wala sisi wa pwani tusilitazame jambo hili kama kwamba ni la Wamarekani peke yao. Mashamba ya minazi na mikarafuu ya huku nayo yana habari yake, na wako wazee wetu walioijua kwa migongo yao, na wako walioijua kwa mifuko yao. Hilo nitaliacha hapo.

Mpira wao si huu wetu. Wanacheza watu 11 kila upande kama sisi, lakini mpira wenyewe umechongoka ncha mbili kama nazi iliyofuliwa, na aghlabu hushikwa kwa mikono. Uwanja una urefu wa yadi 100. Timu hupewa nafasi 4 za kusogea yadi 10. Ikiweza hupewa nafasi nyingine 4, na isipoweza mpira huenda kwa wenzao. Anayeufikisha mwisho wa uwanja huipatia timu yake pointi 6. Na katika huko kusogea watu hugongana, wamevaa kofia ngumu na mabega ya kubandika, kama mafahali ya Pemba siku ya mchezo wa ng'ombe. Mpwa wangu aliniambia kwamba ukikaa karibu unausikia mgongano kabla hujauona. Kwa hivyo kushindwa katika mpira ule si aibu peke yake. Ni maumivu ya mwili. Aliyeshindwa Jumamosi, Jumapili hainuki kitandani ila kwa kujishika, na Jumatatu anatakiwa uwanjani kwa mazoezi, na darasani pia.

Nawe usidhani kwamba chuo hiki hakikuwahi kuonja ushindi. Kilionja sana. Chini ya mwalimu wao Billy Nicks walikuwa mabingwa wa vyuo vyote vya watu weusi Marekani mara 5: mwaka 1953, 1954, 1958, 1963 na 1964. Hapo ndipo walipotoka wachezaji kama Otis Taylor na Ken Houston, waliokuja kuwa na jina kubwa katika mpira wa kulipwa. Kisha mambo yakageuka, na sababu ya kwanza ya kugeuka ilikuwa jambo la kheri. Vyuo vikubwa vya Wazungu vya kusini vilianza kuwafungulia milango wachezaji weusi. Hiyo ni haki, na haki haikatazwi. Lakini vyuo vile vilikuwa na fedha, na viwanja, na televisheni, na kijana hodari ambaye zamani hakuwa na pa kwenda ila Prairie View na wenzake, sasa akawa anafuatwa nyumbani kwao. Chuo kilichomlea baba yake kikabaki kikimtazama anavyokwenda.

Sababu ya pili haikuwa kheri hata kidogo. Ilikuwa fedha, na namna fedha zilivyotumika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hesabu za idara ya michezo zilionekana kuwa na matata, na mwaka 1990 mkuu wa chuo akausimamisha mpira, msimu mzima usichezwe. Simlaumu, mwenye nyumba akiona dari linavuja hufunga chumba. Mwaka 1991 mpira ukarudishwa, lakini ulirudishwa bila ya skolashipu. Maana yake ni hivi: vyuo walivyokuwa wakishindana navyo viliruhusiwa kuwalipia masomo wachezaji zaidi ya 60 kila kimoja, na hao wakachaguliwa mmoja mmoja kwa urefu, kwa uzito na kwa mbio zao, Prairie View hakikumlipia hata mmoja kwa ajili ya mpira. Aliyecheza alicheza kwa mapenzi yake, na ada akaitafuta kwengine.

Sasa sikiliza hesabu. Mwaka 1991 walicheza mechi 11, wakashindwa zote 11. Katika mechi hizo walipata pointi 48 kwa jumla, wakafungwa 617. Siku moja katika msimu huo chuo cha Alabama State kiliwafunga 92 kwa 0. Mimi nimeiandika hesabu ile katika karatasi nikaitazama. Tisini na mbili kwa sifuri! Timu ya mtaani kwetu ikifungwa 5, golikipa hupita njia ya nyuma kurudi kwao. Ukaja mwaka 1992, wakashindwa mechi zote. Na 1993, na 1994, na 1995, na 1996, na 1997. Misimu saba mizima, haukupatikana ushindi hata mmoja, wala hata sare.

Katika vyuo vikubwa vya nchi ile wako wengine walioonja uchungu huu. Chuo cha Northwestern, karibu na Chicago, kilishindwa mara 34 mfululizo tangu 1979 mpaka 1982. Chuo cha Columbia cha New York kilishindwa mara 44, mpaka kilipowafunga Princeton 16 kwa 13 mwezi wa Oktoba 1988. Prairie View waliipita hesabu ya Columbia mwaka 1994, na hapo ndipo watu wa mbali walipoanza kuwataja.

Khasa habari ya Northwestern imenishughulisha. Mwaka 1981 timu yao ilipovunja rekodi ya kushindwa, wanafunzi waliingia uwanjani wakaing'oa milingoti ya goli kwa furaha, huku wakipiga kelele kwamba wao ndio wabaya kuliko wote. Wako watakaosema huo ni moyo mkunjufu. Mimi sikuona hivyo. Northwestern ni chuo cha wenye nacho, na mwenye akiba akipotewa na shilingi anaweza kucheka. Tena waliocheka walikuwa ni wale waliokaa jukwaani. Waliokuwa wamelala chini wakishika mbavu zao, sijui nani aliwauliza kama nao wanataka kucheka.

Basi sasa, ndugu msomaji, mfikirie kijana mmoja wa Prairie View. Sikutajii jina lake kwa sababu si mmoja, ni wengi. Ameingia chuoni mwaka 1991, ana miaka 18. Akasoma miaka 4, akacheza misimu 4, akamaliza. Hakushinda hata mechi moja. Hakushinda alipokuwa mgeni, hakushinda alipokuwa mkubwa wa timu. Mwezi wa Agosti, jua la Texas linawaka kama tanuu la chokaa, amekimbia na mavazi yale mazito, na mbele yake hakuna ahadi yoyote. Kisha wakaja wengine, nao wakaingia, wakacheza, wakatoka vivyo hivyo. Huyu wa pili alimkuta wa kwanza anashindwa, na akavaa jezi ile ile akijua. Hapa ndipo penye kisa. Mtu kushindwa hakuna ajabu, kila mtu hushindwa. Ajabu ni wale waliokuja mwaka wa tano, na wa sita, na wa saba, ilhali habari imekwisha kuenea, hakuna anayewadanganya, na hakuna anayewalipa.

Wakati nilipokisimulia kisa hiki msikitini baada ya darasa, mzee mmoja akaniambia, "Sheikh, hiyo ndiyo sabri." Nikamwambia ni sabri, naam, lakini tusimalize mapema. Sabri ni ya nani, na aliyemfanya mwenzake ahitaji sabri ni nani? Wale vijana walisubiri, vizuri. Lakini waliowapeleka uwanjani mikono mitupu, wapambane na timu zilizoshiba, hao hawana haki ya kusimama pembeni na kuwasifu kwa sabri yao. Nimeyaona haya hata huku. Mwanamke anaachwa na watoto, hana matumizi, na wakwe wanamwambia, mwanangu subiri, Mungu yuko pamoja na wenye kusubiri. Neno ni la kweli, na anayelisema ndiye anayeshikilia funguo za ghala. Mtu mzima akikusifu kwa kustahimili njaa, mtazame mkononi ana nini.

Tuendelee. Kulikuwa na kitu kimoja Prairie View ambacho hakikushindwa miaka yote hiyo, nacho ni beni la chuo. Wazee wa Lamu na Mombasa wanajua ninaposema beni: matarumbeta, ngoma kubwa, mavazi ya kifahari, watu wanakwenda kwa hatua moja. (Msiniulize leo hukumu ya matarumbeta, mlango wake ni mwengine na karatasi hii haitoshi.) Katika mpira wao, wakati wa mapumziko beni huingia uwanjani, na vyuo vya watu weusi vina sifa kubwa katika jambo hilo. Beni la Prairie View lilikuwa zuri hata watu wakaja uwanjani kwa ajili yake. Likimaliza kupiga, wengi huinuka wakaenda zao, na timu ikabaki kushindwa kipindi cha pili mbele ya viti. Hebu ufikirie moyo wa mchezaji anayerudi uwanjani akiwaona watu wake wanampa migongo.

Ikafika Septemba 1998. Tarehe 19 ya mwezi huo Prairie View walicheza na chuo cha Southern, nao Southern ni maarufu kwa beni lao. Wakati wa mapumziko, mabeni yale mawili yakapigana uwanjani. Wapiga tarumbeta, si wachezaji! Wale waliofundishwa kugongana walikuwa wametulia, na wale waliopewa nguo nzuri na makofi ndio waliorushiana mikono. Wakubwa wa michezo wakayafungia mabeni yote mawili mechi mbili.

Wiki ya pili yake, tarehe 26 Septemba 1998, timu ikasafiri kwenda Oklahoma City kucheza na Langston, chuo kingine cha watu weusi, cha jimbo la Oklahoma. Walikwenda bila ya beni, na kushindwa kwao kulikuwa kumekwisha kutimia 80. Na siku hiyo wakashinda, 14 kwa 12. Miaka karibu 9 ya kushindwa ilikwisha kwa pointi 2. Wale ambao watu walikuja kuwatazama miaka yote ile hawakuwapo. Walikuwa nyumbani kwa adhabu yao. Mimi sitasema hii ni adhabu ya kuwavunja wenye kiburi, maana kufasiri mipango ya Mungu si kazi yangu, na vijana wa beni nao ni watoto wa watu. Ila nilipoisoma nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuniuliza kuna nini.

Wako waliosema Langston ni timu ya daraja la chini, kwamba ushindi ule haukuwa na uzito. Kuhusu daraja wamesema kweli. Lakini mtu aliyepungiwa na damu kwa miaka tisa humpimi kwa uzito wa uji aliomeza wa kwanza. Wala ushindi ule haukugeuza mambo kwa siku moja. Prairie View walikaa mpaka mwaka 2007 kupata msimu ambao ushindi ulikuwa mwingi kuliko kushindwa, na msimu kama huo walikuwa hawajaupata tangu 1976. Mwaka 2009 wakawa mabingwa wa jumuiya yao ya michezo, ubingwa wa kwanza tangu 1964. Hesabu mwenyewe: miaka 45. Kijana aliyeushangilia ule wa mwanzo, huu wa pili alikuja kuushangilia na wajukuu.

Waliokuwamo uwanjani siku ya Langston walibebwa na kupigwa picha, na walistahiki. Wale wa 1991, waliofungwa 92, siku hiyo walikuwa wametawanyika makazini kwao. Lakini hebu niulize: lau wale wasingecheza, chuo kingekuwa na timu ya kushinda mwaka 1998? Mchezo uliosimamishwa mwaka mmoja ulirudi. Ungesimamishwa kwa kukosa wachezaji sidhani ungerudi. Waliobeba jina la timu katika miaka ambayo jina lile lilikuwa ni la kuchekwa ndio waliolifikisha mikononi mwa walioshinda. Hilo halimo katika hesabu ya pointi, kwa kuwa pointi huandikwa za siku moja moja.

Kisa hiki nimekuwa nacho miaka mingi, lakini kilichonifanya nikiandike sasa ni jambo la chuoni kwangu. Nina mtoto, ana miaka 10, anakaa safu ya nyuma. Mwaka wa tatu huu yuko katika juzuu amma, na wenzake alioanza nao wamekwisha kutoka. Kila tukifanya mtihani yeye ni wa mwisho. Watoto wamempa jina ambalo nimelikataza lakini bado nalisikia. Mwezi uliopita baba yake akaja kuniambia anataka kumtoa. Alisema kwa upole, si mtu mbaya. "Maalim, huyu hana kichwa. Tumpumzishe, tusimtese."

Nikamwuliza, "Mtoto wako huamka saa ngapi?"

Akasema saa kumi alfajiri, kwa kuwa mama yake hukaanga mahamri na yeye ndiye anayeyapitisha majumbani na kituoni. Akimaliza kuuza ndipo akaja chuoni, na huja amechelewa, na ndiyo maana hukaa nyuma. Hayo nilikuwa nikiyajua. Nilitaka ayatamke yeye. Nikamwambia kisa cha Prairie View, kwa ufupi kuliko nilivyokusimulia wewe. Nikamwambia wale vijana hawakuwa dhaifu kuliko watu. Walikuwa wakishindana na waliolipiwa. Nikamwambia tena kwamba mtoto wake, katika miaka mitatu, siku alizokosa kuja chuoni ni chache kuliko za wale wa mbele; daftari ninalo, nikamwonyesha.

Alikaa kimya muda. Kisha akasema maneno ambayo sikuwa na jibu lake la haraka, na sidhani wewe unalo: "Maalim, mahamri yasipouzwa, hatuli."

Hapo ndipo ilipo kazi, ndugu msomaji. Umaskini wa mtu hauondolewi kwa kisa kizuri. Tulikaa tukapanga. Dada yake mkubwa atachukua kituo, yeye abaki na nyumba za karibu na msikiti tu. Mimi nitamsikiliza baada ya alasiri, peke yake, nusu saa, siku nne kwa wiki. Jirani mmoja, nilipomweleza, alijitolea kununua mahamri 20 kila siku kwa ajili ya wafanyakazi wake, bila ya mtoto kuzunguka. Huo ni mwezi wa kwanza. Jana alisoma Surat al-Fajri tangu mwanzo mpaka mwisho, akakosea mahali watatu. Mtihani mwengine ni baada ya mfungo, na huenda akawa wa mwisho tena. Baba yake amesema atamleta.